Kabla ya Nywila, Mpeni Mwenzi wa Kusoma

Vyuo vikuu vingi vya makanisa nchini Kenya hupokea wanafunzi wapya mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Anayekuja kuishi bwenini hupokewa na watu. Kuna wa kumsaidia kubeba sanduku, kuna kasisi wa chuo anayesalimiana na wazazi, kuna wanakwaya wanaotaka kujua kabla jua halijatua kama anaimba sauti ya tatu au ya nne. Anayejisajili kusoma kwa mtandao hupokea barua pepe. Ndani yake kuna jina la kuingilia, nywila ya muda, kiungo cha kikao cha utambulisho, na namba ya kupiga akikwama. Aghalabu kikao chenyewe hakizidi asubuhi moja: bonyeza hapa uone masomo yako, pakia kazi pale, karo ilipwe kabla ya tarehe fulani. Hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Jumatatu inayofuata masomo yanaanza, na kila mtu yuko peke yake mbele ya simu yake.

Wiki hiyo ya kwanza inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Katika mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vilitoa kozi 17 za bure mtandaoni, kisha vikatangaza hadharani yaliyotokea. Walioandikishwa katika kozi hizo, ukijumlisha zote, walifika 841,687. Vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, takriban vitano kwa kila mia. Hesabu hizo mbili zimezungumzwa sana. Iliyonishughulisha mimi ni ya tatu: usajili 292,852, zaidi ya theluthi moja, uliishia pale pale ulipoanzia. Hawa hawakushindwa mtihani wala hawakuchoshwa na mhadhiri. Hawakuufungua hata ukurasa mmoja wa somo.

Bila shaka kozi ya bure si shahada. Mwalimu wa Kitui aliyelipa karo kwa mkopo wa sako atafungua ukurasa, maana fedha yake imo humo. Hata hivyo mlango ni uleule, na giza lililo nyuma yake ni lilelile. Mtu huingia, anakuta orodha ndefu ya vichwa vya mada kwa Kiingereza, haoni uso wa yeyote, anajiambia kwamba atarudi Jumamosi akiwa na utulivu. Jumamosi kuna matanga.

Ninaloamini ni kwamba kinachomwandaa mwanafunzi mpya kwa masomo ya mtandaoni ni watu na saa. Anahitaji mtu wa kusoma naye, mtu wa kumwuliza, na saa za wiki ambazo nyumba nzima inajua kwamba ni zake. Mafunzo ya kubofya yana nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo. Kijana anayeuza viatu kwa WhatsApp hatashindwa kupakia faili. Na watu hao, chuo cha kanisa tayari kinao. Wametapakaa kila kata, wana ukumbi, wana viti, na hukutana kila wiki. Kinachokosekana ni chuo kuwaita.

Tuanze na tulikotoka. Chuo Kikuu cha St Paul's cha Limuru huhesabu mwanzo wake mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele ya Frere Town imelipa eneo zima jina la Kengeleni, na wasafiri wa matatu hushukia hapo hadi leo. Ilikuwa jamii ya watu waliong'olewa kwao, na chuo kilichoanzia katikati yao kililea pamoja na kufundisha. Mwaka 1930 kilihamia Limuru, na mwaka 2007 kikapewa hati ya chuo kikuu. Ng'ambo ya mpaka, kule Mukono, Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker kilianzishwa mwaka 1913, na mwaka 1997 kikazaa Uganda Christian University. Daystar, Africa Nazarene, Kenya Methodist, Tumaini Makumira, Mtakatifu Agustino cha Mwanza: kila kimoja kina historia yake, lakini vyote vilijengwa juu ya wazo kwamba mtu husomeshwa kwa kuishi na wenzake. Mnakula pamoja, mnaabudu katikati ya wiki, mwalimu anakuona umekonda na anakuuliza kulikoni.

Kisha ikaja Machi 2020, na pamoja nayo korona. Tarehe 15, siku ya Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa taasisi zote za elimu, vyuo vikuu vikipewa hadi Ijumaa ya wiki hiyo. Tanzania na Uganda zikafuata siku hizo hizo. Kule Mukono, Uganda Christian University ilikuwa karibu kumaliza muhula na ikapanga mitihani ya kufanyia nyumbani. Serikali ikaizuia. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na kiini chake kilikuwa cha haki: nani ana mtandao na nani hana, nani amerudi kwenye nyumba yenye umeme na nani amerudi kijijini kulima. Baadaye vyuo viliruhusiwa kuendelea kwa masharti ya dharura, huku shule za Uganda zikibaki bila kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Vyuo vilijifunza mengi kwa lazima. Wahadhiri waliokuwa hawajawahi kufungua Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, waliijua ndani ya wiki chache. Ila dharura ilituachia pia mazoea mabaya. Tulihamisha mihadhara tukaacha nyuma kila kitu kilichoizunguka mihadhara: chai ya saa nne, mabishano ya korido, wimbo wa alfajiri, jirani wa bwenini anayekugongea mlango kwa sababu hujaonekana darasani siku mbili. Dharura ilipokwisha, mtandao ulibaki, na utupu ule ukabaki nao. Leo mwanafunzi mpya wa mbali anaandaliwa kana kwamba bado tuko katika Aprili ya 2020: haraka, kwa kiungo, na kwa matumaini.

Ajabu ni kwamba makanisa yalishalitatua jambo hili zamani, kabla intaneti haijafika kwetu. Mwaka 1963 seminari ya Kipresibiteri nchini Guatemala iligundua kwamba watu walioongoza makanisa vijijini walikuwa wakulima na mafundi wenye familia, wasioweza kuhamia chuoni miaka mitatu. Walimu wake, wakiwamo James Emery, Ralph Winter na Ross Kinsler, wakaamua chuo kiwafuate wanafunzi. Ndipo ilipozaliwa TEE, elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, ambayo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki waliopita umri wa miaka 40 wanaikumbuka kwa vitabu vyake vya mazoezi. Kufikia miaka ya 1970 vitabu hivyo vilikuwa vikichapwa Kenya. Unasoma ukurasa, unajaza nafasi, unageuza kuangalia kama umepata. Wazee wa kanisa walivibeba pamoja na Biblia ndani ya mifuko ya plastiki ili visilowe.

Wengi wakikumbuka TEE hukumbuka kitabu. Nguvu yake ilikuwa kwingine. Ted Ward, Mmarekani aliyeshauri mengi kuhusu mpango huo, aliifananisha na uzio wa mbao wenye nguzo za kulala mbili. Nguzo ya juu ni kile mtu anachosoma peke yake, ya chini ni kazi anayoifanya kila siku kanisani na mtaani, na mbili hizo zimeshikwa na vigingi vya kusimama: kikao cha wanafunzi kila wiki na mwalimu wao. Ng'oa vigingi, nguzo zote mbili zinalala majanini. Vyuo vyetu vya mtandaoni vimenunua mbao nzuri sana. Vina video, vina maktaba ya kidijitali, vina maswali yanayojisahihisha yenyewe. Vigingi je?

Watasema vigingi ni ghali, kwamba huwezi kumweka mwalimu kila wilaya. Lakini Mkatoliki yeyote wa kanda hii anajua jumuiya ni nini. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoifanya kuwa njia yao kuu ya kichungaji mwaka 1976, familia jirani hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, husoma neno, huulizana nani mgonjwa na nani ana shida ya karo. Waanglikana na Walutheri wana mitaa na sharika, Wapentekoste wana seli za nyumbani. Hakuna chuo cha serikali chenye mtandao wa namna hiyo, hata kile kipya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichozinduliwa Agosti 2023. Mwanafunzi anapojaza fomu ya kuomba nafasi katika chuo cha kanisa, mara nyingi huulizwa kanisa lake na jina la mchungaji wake. Taarifa hiyo huingia kwenye jalada kama ushahidi wa tabia njema, kisha hailetwi tena mezani. Laiti ingetumika! Mchungaji yule angepigiwa simu: una wanafunzi wetu watatu katika eneo lako, je, unaweza kuwapa chumba cha vestri Jumamosi alasiri, soketi moja ya umeme, na kuwatambulisha mbele ya washarika?

Wapo waliojaribu, na kwa kiwango kikubwa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilianza mwaka 2009 na mpango uitwao Pathway, chini ya chuo chake cha BYU-Idaho, katika vituo vitatu tu vya Marekani. Leo mpango huo, ulio chini ya BYU-Pathway Worldwide tangu 2017, una wanafunzi wengi barani Afrika. Wakristo wa madhehebu mengine wana hoja zao za kiimani dhidi ya kanisa hilo na sitaziingilia. Ninachotazama ni muundo. Mwanafunzi hakuingizwa moja kwa moja kwenye shahada. Alipewa kwanza mwaka wa maandalizi: kupanga muda na fedha, hesabu za msingi, kuandika. Masomo yalikuwa mtandaoni, ila mara moja kwa wiki wanafunzi wa eneo moja walikutana ana kwa ana katika jengo la kanisa, wakiongozwa na watu wa kujitolea ambao wengi wao hawakuwa wahadhiri. Mwanafunzi mwenyewe alipokezwa zamu ya kuongoza mjadala. Tazama jinsi jambo hilo linavyombana mtu: ukijua Alhamisi hii ni zamu yako kuongoza wenzako, utasoma.

Linganisha na Liberty, chuo kikubwa cha Kikristo cha Virginia, kilichoanza elimu ya mbali mwaka 1985 kwa kutuma kanda za video kwa posta na leo kina wanafunzi wa mtandaoni zaidi ya 100,000. Ukubwa wake unavutia vyuo vyetu, na wakuu wengi huutaja. Lakini mwanafunzi wa Liberty anakaa katika nchi ambayo umeme, posta na mtandao havimsumbui sana. Sisi tunajifunza zaidi kwa wale wa Pathway, waliokutana katika jengo la kanisa.

Baada ya kanisa, nyumba. Hapa ndipo pengo la maandalizi linaponiuma zaidi, kwa sababu halizungumzwi. Zamani mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka shahada alisoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba. Alifunga mkoba, akapanda basi, akaenda chuoni. Nyumbani walijua ameenda kusoma. Hakuna aliyemtuma dukani wala aliyemtarajia apike. Mtandao umemrudishia muda wa safari na kumnyang'anya ule utengano. Sasa amekaa sebuleni na simu mkononi, na kila anayepita anaona mtu anayechezea simu. Akiwa mwanamke, mambo ni mazito zaidi. Mume anauliza chai, mtoto anataka kusahihishiwa hesabu, mama mkwe anashangaa mke gani huyu anayeangalia simu tangu jioni. Hana pa kuonyesha kwamba yuko darasani.

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha maandalizi ningekifanya cha nyumba nzima. Chuo kiite waume, wake, wazazi, hata watoto wakubwa, kwa simu au kanisani. Kiwaambie wazi: mama huyu, kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku yuko chuoni ingawa mnamwona. Atahitaji meza na kimya, na atahitaji mwingine aoshe vyombo. Barua iandikwe kwa Kiswahili, itiwe saini na mkuu wa kitivo, isomwe kwa sauti. Familia zetu huheshimu barua yenye muhuri. Mchungaji akiisisitiza Jumapili, zitaiheshimu zaidi. Sioni jambo lolote katika maandalizi ya mwanafunzi wa mbali lenye gharama ndogo na faida kubwa kama hili.

Kuhusu vifaa nitapita upesi, kwa kuwa wahusika wanajua. Ila kuna mambo mawili ambayo lazima mwanafunzi aambiwe kabla hajaanza. La kwanza ni bando. Saa moja ya kikao cha video cha watu wengi inaweza kumaliza zaidi ya megabaiti 500. Sauti peke yake hula kidogo sana. Mtu asiyeambiwa hivyo humaliza bando la mwezi kwa wiki moja, akiangalia nyuso za wenzake ambazo hazimfundishi kitu. Programu ya simu ya Moodle humruhusu kupakua somo zima akiwa penye mtandao wa bure na kulisoma baadaye bila data. Hilo lifundishwe siku ya kwanza, kwa vitendo, mpaka kila mmoja ameona somo likifunguka wakati data imezimwa. Kwa ndugu zetu wa Uganda gharama ina sura yake: mwaka 2021 serikali iliondoa kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku na badala yake ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

La pili ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikabaki ikivuta mtandao kwa shida, Tanzania ikiumia zaidi. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya yote iliingia gizani. Siku kama hizo mwanafunzi mpya hujiona amekosea yeye. Anahangaika na nywila, anazima simu na kuiwasha, anaona saa ya mwisho ya kukabidhi kazi ikipita, na mwishowe anaamini kwamba shule ya mtandao haikuumbiwa watu kama yeye. Chuo kimwambie mapema, kwa maandishi: mtandao ukikatika, utatuma ujumbe mfupi kwa namba hii, na siku zako hazitahesabiwa. Sheria ya namna hiyo humpa mtu usingizi.

Inafaa kukumbuka pia Moodle yenyewe imetoka wapi. Martin Dougiamas, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, alikulia jangwani magharibi mwa Australia, mbali na mji wowote, na elimu yake ya utotoni aliipata kwa redio ya masafa mafupi. Shule hizo za hewani zilianza Alice Springs mwaka 1951, na mtoto aliweza kubonyeza kitufe na kumjibu mwalimu wake. Aliyetengeneza chombo alijua upweke wa mwanafunzi wa mbali kwa kuuishi. Katika mikono yetu chombo hicho kimegeuka kabati la kuwekea faili za PDF.

Darasa likishaanza, mwanafunzi mpya anakutana na jukwaa la majadiliano. Mhadhiri ameuliza swali, kila mtu ajibu, kisha ajibu wenzake wawili. Katika darasa la chuo cha kanisa, humo mna askofu mstaafu, mna mama mwenye cheo katika umoja wa wanawake, mna kijana wa miaka 20 aliyemaliza kidato cha nne majuzi. Askofu anaandika wa kwanza. Wanaofuata wanaandika "Amina, Baba Askofu, ubarikiwe," na mjadala umekwisha. Wamefanya adabu waliyolelewa nayo, na ni adabu nzuri. Lakini mtu hakui kielimu kwa kukubali kila kitu, na hata askofu anakosa alichokuja kutafuta, maana amekuja kusoma.

Jambo hili halitatuliwi kwa kuwaambia wasahau vyeo. Watu wetu hawawezi kumwita mzee kwa jina lake tupu na hawapaswi kulazimishwa. Ninachokipenda ni maandalizi yanayofundisha namna ya kupinga ndani ya heshima, kama tunavyofanya barazani: "Shikamoo Baba, nimekuelewa katika hoja ya kwanza, katika ya pili naomba kuuliza." Wafanye zoezi hilo kabla ya muhula, juu ya swali dogo lisilo na alama, na mhadhiri mwenyewe akubali kupingwa mbele yao. Waruhusiwe pia kujadiliana kwa Kiswahili ingawa kazi itakabidhiwa kwa Kiingereza. Nimeona watu wenye fikra pevu wakiandika sentensi mbili za woga kwa sababu tu ya lugha, halafu usiku wakitumiana kwenye kundi la WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika sita wenye hoja ambazo mhadhiri angezifurahia.

Na sasa jambo zito, ambalo chuo cha Kikristo hakiwezi kuliachia ofisi ya mitihani. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wenye shahada na wasio na kazi wamekuwa wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, imeionyesha dunia biashara hiyo. Uingereza ilipiga marufuku kampuni za aina hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Vijana wenyewe hujiita waandishi, na ni kweli wana kipaji. Wengi wamelea familia na kusomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na kazi iliyohitaji mtu na usiku mzima ikawa ya dakika moja.

Mwanafunzi wetu mpya anaingia mtandaoni akiwa katikati ya hayo yote. Pengine kaka yake ni mmoja wa waandishi hao. Simu yake ina programu inayoweza kuandika zoezi lake la Theolojia ya Agano la Kale vizuri kuliko yeye. Kumwambia kwamba kuna mashine ya kugundua wizi wa maandishi ni kumtisha, na vitisho humfundisha kujificha. Hapa ndipo chuo cha kanisa kinapaswa kusema kile kinachokiamini. Kimweleze kwamba anasomea kuhudumu: kuna mgonjwa atakayemshika mkono, mtoto atakayemfundisha, mfiwa atakayemhubiria, na wote hao watakutana na yeye mwenyewe, bila simu. Kimwonyeshe pia mpaka uko wapi. Kuiomba mashine ikueleze neno gumu, au ikuonyeshe makosa ya sarufi, kwa maoni yangu ni kujifunza. Kuiomba ikuandikie tafakari yako ya kifo cha mama yako ni kujiibia. Mhadhiri aulize maswali ambayo mashine haiwezi kuyajibu: kaongee na wazee wawili wa usharika wako kuhusu mgogoro wa ardhi, uandike walivyokwambia na wewe unasemaje. Swali la namna hiyo lina nguvu kuliko mtambo wowote wa kunasa wezi, na linamrudisha mwanafunzi kwa majirani zake.

Yuko mtaalamu mmoja ambaye vitabu vya elimu ya mbali humtaja duniani kote, Michael Grahame Moore. Katika miaka ya 1960 alikuwa Kenya akifundisha watu wazima, kabla ya kwenda Marekani na kuandika nadharia iliyompa jina. Anasema umbali unaomdhuru mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Ni umbali wa kutoelewana, na huongezeka kadiri mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi yanavyopungua. Mtu aweza kukaa mstari wa mbele katika ukumbi wa watu 400 na bado akawa mbali sana na mwalimu. Mwingine yuko Lodwar na yuko karibu, kwa sababu jana mwalimu wake alimwuliza swali akasubiri jibu.

Wakuu wa vyuo wakisikia haya huuliza fedha itatoka wapi, na ni swali la haki. Vyuo vya makanisa vinaendeshwa kwa karo na karo haitoshi. Basi tupige hesabu ya jambo moja tu, simu ya wiki ya kwanza. Chukua wanafunzi wapya 300 wa mbali. Mpe kila mmoja dakika 10 za kuzungumza na mtu wa chuo, kwa sauti, kwa Kiswahili: umefungua somo la kwanza? Unasomea wapi nyumbani? Nani anajua kwamba unasoma? Mchungaji wako tumpigie? Hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50. Watu watano wakizungumza saa tano kwa siku, wanamaliza kwa siku mbili. Si lazima wawe wahadhiri. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa theolojia wanatakiwa kufanya mazoezi ya uchungaji, na hapa kuna watu 300 wanaohitaji kuchungwa. Atakayejibu kwamba hajafungua somo, jina lake na namba yake zifike kwa usharika wake kabla ya Jumapili. Wanaoingia Septemba bado hawajapewa nywila. Orodha ya sharika zao iko ofisi ya usajili, na simu za kwanza kwa wachungaji zinaweza kupigwa Agosti.